Siku tuliyotengeneza njia ya Zigi

Masika yalikuwa yamekwisha, na njia ya miguu inayopanda kutoka Zigi kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ilikuwa imechimbika vibaya. Tulikutana asubuhi kwenye nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani, ambayo siku hizi hupokea wageni wa hifadhi ya msitu wa Amani. Tulibeba sururu, majembe, machepe na mtaimbo mmoja.

Kufyeka ndiyo kazi nyepesi. Kinachoua njia ya msituni ni maji. Ikishakanyagwa sana hubonyea katikati, mvua ikapita humohumo na kuacha mizizi mitupu. Wageni wakikwepa utelezi hukanyaga kando, njia ikatanuka na miche ikafa. Udongo wote huo huishia Mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani, wanakokunywa watu wa Tanga mjini.

Mikingamo ya zamani, yaani vizuizi vya kutoa maji njiani, ilikata njia moja kwa moja, ikajaa tope, maji yakairuka. Mingine ilikuwa ya magogo ya mhesi, mti wa kuletwa unaooza upesi. Ukiugusa kwa sururu unameguka.

“Wanangu, msiyazibie maji,” alisema mzee wa kijiji cha Kisiwani aliyetuongoza. “Yaonyesheni pa kutokea.”

Tukachimba mitaro ya mshazari, kina cha kiganja na kidole, tukapanga mawe bapa kwa kusimamisha, theluthi mbili yakiwa ardhini. Ncha ya chini tuliitokeza nje ya njia, kisha tukaichimbia mchirizi wa hatua mbili hadi kwenye majani mengi. Penye mwinuko mkali tuliweka mkingamo kila baada ya hatua kumi hivi. Penye tambarare tuliiachanisha zaidi.

Karibu na kijito, njia ilikuwa imeanza kuparamia jabali lenye dughulushi, lile ua la zambarau ambalo Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao, likawa ua la madirishani dunia nzima. Hapa kwao huishi kwenye utando mwembamba wa udongo juu ya mwamba, kivulini. Kiatu kimoja hulibandua. Tuliihamisha njia upande wa chini, ingawa ilitugharimu saa nzima ya kung’oa mawe, na ningeihamisha tena.

Alasiri mvua ikanyesha. Mkingamo wa tatu ulivuja kati ya mawe mawili. Mzee akashindilia kokoto, juu yake udongo mfinyanzi, akapigapiga kwa kisigino mpaka maji yakageukia mchirizini.