Ngozi Iliyopigiliwa Mlangoni

Juzi binti yangu alirudi kutoka kwenye maonyesho na pochi ndogo ya kahawia, ina vishimo vishimo kama mgongo wa kenge. "Mama, aliyeniuzia anasema ni ngozi ya sangara. Kweli?" Niliipeleka puani kabla hata ya kuitazama. Hainuki kitu. Niliishika mpaka mtoto akaniuliza kama nalia.

Nilikuwa darasa la tano, tunakaa Igogo, Mwanza. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba wanavuliwa kwa sumu. Sisi watoto tulijua tu kwamba lori la mapanki haliji. Minofu hatukuwahi kuila. Hiyo ilipanda ndege. Chetu ni kilichobaki baada ya kisu: kichwa, mgongo, mkia, yaani zaidi ya nusu ya samaki mzima. Mama aliyanunua mapanki, akayakaanga, akayauza, na kwa hayo nilivaa viatu. Kiwanda cha minofu kilipopunguza kazi, karai lake likalala kifudifudi nyuma ya nyumba. Mtu wa mbali ameacha kula, na njaa inashinda kwetu. Jambo hilo sijalizoea hadi leo.

Jioni moja, baada ya wiki nyingi, lori lilikuja. Akina mama walikuwa wengi kuliko mzigo. Mama alirudi na kichwa kimoja, na ngozi tatu alizookota chini, ambazo hakuna aliyezigombania.

Kichwa hakikuenea kwenye beseni. Alikiweka juu ya jiwe, akakipasua kwa shoka, pigo moja. Kisha akaketi chini, akanyoosha miguu, akaanza kukichambua taratibu kama mtu anayesuka nywele za mtoto. Nyama ya mashavu aliiweka kwenye sahani ya bati. Mafuta ya nyuma ya macho, meupe, yanayotetemeka, aliyatoa kwa kidole akayatia kwenye karai kavu. Moto mdogo. "Ukiyaharakisha yanaungua, yanakuwa machungu," aliniambia, mkono wangu ukiwa tayari kwenye kuni. Yakaanza kulia, yakalegea, yakawa manjano kama ua la boga. Akayachuja kwa kipande cha kanga, yakaingia kwenye chupa ya soda mpaka karibu nusu. Kidogo kilichobaki ndicho kilichokaanga mashavu. Mifupa ilipanda juu ya bati ikauke, itwangwe kwa ajili ya kuku. Maji ya kuoshea yalikwenda kwenye mchicha. Nilimtazama nikaona kwamba hatafuti chakula tu. Alikuwa anafanya kazi anayoijua, na alikuwa ameikosa.

Zikabaki ngozi. Aliishika moja kwa mikono yote miwili, akaegemea nyuma, akaivuta kwa uzito wake wote. Haikuchanika.

"Kitu kigumu hivi hakiwezi kuwa taka," alisema.

Akaipigilia mlangoni kwa misumari minne. Asubuhi ilikuwa ngumu kama bati na nzi wameshajaa. Siku ya tatu majirani walilalamika, baba akaibandua akaitupa kwenye mtaro. Mama alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

Baadaye soko lilifunguliwa, malori yakarudi, nikamaliza shule.

Binti yangu alikuwa amemuuliza muuzaji kila kitu. Ngozi huloweshwa kwenye maji ya chokaa, magamba na mabaki ya nyama hukwanguliwa, kisha huzamishwa kwenye maji ya magome ya miti ya miwati mpaka yapenye. Vile vishimo ni mahali magamba yalipokaa. Nyuzi za ngozi ya samaki hupishana, ndiyo maana ni nyembamba lakini haichaniki. Mama aliijua nusu ya habari hiyo kwa mikono yake, bila mtu wa kumpa nusu nyingine.

Nafurahi kuiona pochi hii, na nina wasiwasi. Nayakumbuka mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara. Nikiwa mdogo kabisa tuliyapuliza kama maputo. Leo ni mali ya kusafirishwa Uchina, yanapimwa na kulindwa, na mwanamke wa karai hayagusi. Ngozi nayo ikipata bei, sijui atakayeishika ni nani.

Jioni nilimpigia mama simu, siku hizi anakaa Magu. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya pochi, chokaa na magome. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Hiyo chokaa," akasema, "wanaiacha siku ngapi?"

Binti yangu hakuuliza hilo. Nimemwambia mama nitatafuta. Pochi nitampelekea mwenyewe, basi la Jumamosi, aivute kwa mikono yake.