Vitumbua Upande wa Kushoto

Mwaka 1994, Tanga, Ijumaa jioni, Mjomba aliniita sebuleni. "Njoo usikilize. Spika hii ya kushoto inakaanga vitumbua."

Nikatega sikio. Kweli bwana, chini ya sauti ya santuri kulikuwa na chaa-chaa ya mafuta ya moto, mara inakatika, mara inarudi kwa nguvu. Amplifaya yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti: nne kubwa za aina ya EL84 na mbili ndogo za ECC83. Aliipenda kuliko alivyotupenda sisi wapwa zake. Hukumu alikwishaitoa: spika imekufa.

Nikabadilisha nyaya, ya kushoto ikaenda kulia. Vitumbua vikahamia kulia. Spika haina kosa. Nikazirudisha.

Nikazima, nikachomoa plagi, nikasubiri, maana mle ndani mna umeme wa volti 300 hivi na kapasita huweza kuushikilia hata waya ukiwa nje ya ukuta. Kusubiri kwenyewe hakukutosha: EL84 ya kwanza iliniunguza vidole viwili. Nikahamisha zile kubwa, kushoto kulia, kulia kushoto. Wapi! Chaa-chaa palepale.

"Unanibomolea," Mjomba akasema.

Zikabaki ndogo. Nikawasha, nikachukua penseli, nikaigonga kwa upole ile ya kushoto kwa upande wa mbao. Spika ikalia *ting!* kama kengele ya baiskeli, vitumbua vikachachamaa. Ya kulia nilipoigonga ilinong'ona tu. Nikazima tena, nikazibadilisha nafasi, na ugonjwa ukahama na valvu yake.

Kuijua mbovu ni jambo moja, kupata nyingine Tanga wakati ule ni jingine. Fundi redio mmoja karibu na soko alikuwa na boksi la valvu alizochomoa kwenye redio na tepurekoda zilizokufa. Maandishi ya nyingi yalikwishafutika. Akachukua moja, akaipulizia pumzi ya moto kama mtu anayesafisha miwani, na kwenye ule ukungu herufi zikajitokeza: ECC83. Sijapata kuusahau mchezo ule. Kisha akaielekeza dirishani, akanionyesha doa la fedha ndani ya kioo, kwa juu. "Likigeuka jeupe kama chokaa, hewa imeingia, itupe. Hili bado linang'aa."

Nyumbani nikaisugua miguu yake tisa kwa wembe, pole pole, nikaichomeka. Nusu dakika ya kungoja ipate moto, kijicho chekundu kikawaka ndani ya kioo. Kimya. Kushoto kimya, kulia kimya.

Mjomba akaweka santuri ya Lucky Star, wale wa taarab wa Tanga, akaketi, akafumba macho. Mara akayafumbua.

"Bado! Nasikia cha, cha, cha."

"Hiyo ni santuri, Mjomba. Imekwaruzika."

Akaitazama sindano muda mrefu. "Basi iache," akasema.