Jinsi Wafaranki walivyojimaliza Septimania

Vita vya Vouillé, mwaka 507, walivyoshinda Wafaranki, viliwanyang'anya Wavisigothi (tawi la Wagothi, watu wa Kijerumani kama Wafaranki wenyewe) Toulouse na karibu ardhi yao yote ya Galia, yaani takriban Ufaransa ya leo. Walibakiwa na ukanda wa pwani kati ya milima ya Pirenei na mto Rhône: Narbonne, Béziers, Nîmes, na bara kidogo Carcassonne. Huo ndio Septimania. Wafaranki waliumezea mate kwa miaka 250.

Jaribio la 585 ndilo la kuchunguza. Guntram, mfalme wa Wafaranki, alituma majeshi mawili, moja Nîmes, jingine Carcassonne. Askari hawakubebewa chakula cha kutosha. Walikula walichopora, na uporaji ulianzia ndani ya nchi yao wenyewe. Nîmes walikuta malango yamefungwa na maghala yamejaa. Kwa hasira wakachoma nafaka shambani, wakakata mizeituni na mizabibu. Sasa, njia ya kurudi ilikuwa ileile! Gregory, askofu wa Tours aliyeishi wakati huo, anataja zaidi ya 5,000 waliokufa, wengine kwa njaa, wengine wakizama mitoni.

Carcassonne ilikuwa aibu zaidi, maana wenyeji waliwafungulia. Ukazuka ugomvi, jeshi likatoka, na jiwe lililorushwa kutoka ukutani likamuua Terentiolus, aliyewahi kuwa mtawala wa Limoges. Kichwa chake kikakatwa na kuingizwa mjini. Jeshi likatimua mbio, likaacha mali yote. Watu wa Toulouse, walioporwa lilipokuwa likienda, wakalivizia njiani.

Mwaka 589 Boso, jemadari wa Wafaranki, akapiga kambi kando ya kijito karibu na Carcassonne, akaanza karamu na mvinyo. Wagothi wakawavamia mezani, kisha wakajifanya kukimbia. Wafaranki wakawafukuza hadi kwenye mtego. Yohane wa Biclar, mwandishi wa historia wa wakati huo na mwenyewe Mgothi, anasema watu 300 waliwashinda 60,000, hesabu yenye harufu ya majigambo. Gregory anataja wafu karibu 5,000 na mateka zaidi ya 2,000, naye anahesabu maiti wa upande wake.

Narbonne ilikuja kuanguka kwa Wafaranki mwaka 759, wakati huo ikishikiliwa na Waarabu. Hakuna ukuta uliobomolewa. Wagothi waliokuwa ndani waliahidiwa na Wafaranki kwamba wataachiwa sheria yao, wakawaua walinzi wa Kiarabu, wakafungua malango.