Zamu ya usiku Kuopio, na wifi yangu Lushoto

Nikipiga simu nyumbani Lushoto, swali moja halikosi. Mjomba huliuliza kwa upole, majirani kwa mshangao: "Hivi ni kweli wazungu wa huko wakizeeka wanatupwa na watoto wao?" Swali hili huniuma, maana ninaokesha nao ndio hao wanaosemwa kuwa wametupwa. Huu ni mwaka wangu wa sita Ufini, na wa nne katika makao ya wazee hapa Kuopio. Nataka nilijibu kwa kirefu, si kwa dakika mbili za simu.

Nianze na hesabu. Ufini nzima ina watu milioni 5.6. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.4 katika Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Sasa chukua watu wa Dar, ongeza kidogo, kisha uwatawanye kwenye eneo linalozidi theluthi ya Tanzania, tena sehemu kubwa yake ni misitu na maziwa. Basi langu la alfajiri hupita mwendo mrefu bila kuona taa ya nyumba.

Na watu hao wanazeeka. Mwaka 2010 walizaliwa watoto kama 61,000. Mwaka 2023 walizaliwa kama 43,000, na waliokufa walikuwa kama 61,000. Vifo vimezidi vizazi tangu 2016. Mwaka huo wa 2023 wastani wa watoto kwa mwanamke mmoja ulishuka hadi 1.26. Karibu robo ya wananchi wamevuka miaka 65. Idadi ya watu haipungui kwa sababu tunaingia sisi: leo katika kila wakazi kumi, mmoja lugha yake ya nyumbani si Kifini, si Kiswidi wala si Kisami, lugha za wenyeji wa hapa.

Kazini kwangu takwimu hizo zina majina na zina vitanda. Tangu Januari 2025 sheria inataka wahudumu 6 kwa kila wazee 10 katika makao yenye uangalizi wa saa 24. Zamani kidogo ilikuwa 6.5. Usidhani tunakuwa sita kwa mpigo. Hao sita ni wa zamu zote. Usiku tunabaki wawili, na kengele zinaita kutoka pande zote za ukumbi.

Kuna bibi mmoja amevuka miaka 90. Akiwa mtoto, wakati wa vita na Warusi, alivishwa kibandiko chenye jina lake shingoni na kupandishwa treni kwenda Uswidi. Watoto wapatao 70,000 walipelekwa huko hivyo, wengine wadogo hata jina la baba hawakulijua. Aliporudi alikuwa amesahau Kifini, akashindwa kuzungumza na mama yake mzazi. Sasa ugonjwa wa kusahau umemrudisha kwenye kile Kiswidi cha utotoni. Saa tisa za usiku hunishika mkono na kuniuliza kama treni imefika. Nimejifunza maneno machache ya Kiswidi kwa ajili yake tu. Humwambia: bado, lala kwanza.

Bila kumjua bibi huyu nisingeielewa Ufini. Sisi tunaiona nchi tajiri, tunadhani ilizaliwa hivyo. Njaa ya miaka ya 1866 hadi 1868 iliua karibu asilimia 8 ya watu wake. Walikula mkate uliochanganywa na gamba la msonobari. Miaka ya 1930 walikufa watoto 65 katika kila 1,000 kabla ya kutimiza mwaka. Baada ya vita, watu zaidi ya 400,000 wa Karelia, eneo la mashariki lililochukuliwa na Warusi, walikuwa wamepoteza makwao, na nchi ikalipa fidia kwa Urusi ya Kisovieti mpaka 1952. Waliokuwa maskini kama sisi ndio walioamua kujenga haya. Mwaka 1938 wakaanza kumpa mama mja mzito asiye na uwezo sanduku la nguo za mtoto, hata baadaye sanduku lenyewe likawa kitanda. Mwaka 1949 wakalifanya la kila mama, mradi awahi kliniki mapema. Mwaka 1948 chakula cha mchana cha bure kikaingia shule za msingi zote. Hawakusubiri kutajirika kwanza.

Na mwaka 1970 wakaondoa katika sheria wajibu wa mtoto kuwakimu wazazi wake. Hapa ndipo ndugu zangu wa Lushoto huguna. Lakini fikirini nani alikuwa akiubeba wajibu huo. Alikuwa binti, au mke wa mtoto wa kiume. Serikali ilipochukua kazi ya kumtunza mzee, na baadaye ya kulea watoto wadogo mchana, wanawake wakatoka kwenda kazini, wakalipa kodi, na kodi hiyo ikawarudia wazee. Mzee wa kwetu makaoni naye hachangii kidogo: anaweza kukatwa hadi asilimia 85 ya kipato chake, kiasi kidogo kikabaki cha matumizi yake.

Binti wa yule bibi ni mwalimu mstaafu. Huja kila Jumamosi na mikate mitamu ya iliki, akakaa kando ya mama yake, akampaka mafuta mikononi. Hana haraka wala hasira, maana usiku kucha hakuwa akibadilisha mashuka. Kuna siku niliwakuta wanacheka mpaka bibi akakohoa. Siwezi kumwambia mjomba kwamba huyu mama ametupwa.

Ila wapo wasiotembelewa. Nimewafumba macho wazee wawili pasipo ndugu chumbani, mimi na mwenzangu Mfini tukafungua dirisha kama wanavyofanya hapa, na mimi nikawaombea kimoyomoyo kwa Kiswahili. Hilo sitalipamba. Serikali inaweza kumlipa mtu amwogeshe mzee wako, lakini haiwezi kumlipa mtu awe mwanao.

Maslahi, kwa kuwa najua mtauliza: hakuna kima cha chini cha kisheria hapa, mishahara hupatanwa kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, na mkataba huo humlinda hata mgeni. Jumapili ni malipo maradufu. Kodi hupanda kadiri kipato kinavyopanda, na kila Novemba mtu yeyote anaweza kuulizia mwenzake alipata kiasi gani mwaka uliopita. Ila anayepanga kuja asikilize: mwaka 2025 ukosefu wa ajira ulikaribia asilimia 10, hata sekta ya afya ilipunguza watu. Na tangu Juni mwaka huo, mwenye kibali cha kazi akiipoteza kazi ana miezi 3 tu ya kutafuta nyingine, wengine 6. Msiuze shamba kwa ahadi ya wakala.

Na msije bila lugha. Kifini kinatisha kwa urefu wa maneno, lakini Mswahili ana bahati asiyoijua. Neno lao "hän" ni "yeye" yetu, halibagui mke wala mume. Nyumba ni "talo", nyumbani ni "talossa": wanaweka mahali mkiani mwa neno kama sisi. Maneno yao mengi huishia na vokali. Wenzangu waliotoka kwenye Kiingereza hujikwaa pale ninapopita.

Mwaka wa kwanza makaoni, mzee mmoja alikataa nimguse kwa sababu ya rangi yangu. Msimamizi alinibadilishia chumba kimyakimya, na ukimya ule ndio ulioniumiza zaidi. Niliendelea kumsalimia mzee yule kila asubuhi. Hakuwahi kuitikia.

Mwaka jana nikajifunza jambo lililonifungua macho. Mfini anayebaki nyumbani kumtunza mzazi au mwenzi wake anaweza kuingia mkataba na serikali ya eneo lake. Hulipwa posho ya kila mwezi, kiwango cha chini kwa 2025 kilikuwa euro 470 na ushee, na ana haki ya angalau siku mbili za kupumzika kila mwezi, mtu mwingine akishika nafasi yake. Posho ni ndogo, wenyewe wanalalamika. Lakini serikali imekiri kwamba ile ni kazi.

Nikamfikiria wifi yangu. Mama ana miaka 81, miguu imekataa. Anayemnyanyua, anayemwogesha, anayepasha maji kuni zikiwa mbichi na ukungu wa Lushoto ukiwa mlangoni, ni mke wa kaka yangu. Anafanya ninayoyafanya mimi, bila glovu, bila mashine ya kunyanyulia, bila Jumapili. Miaka mitano nilikuwa nikituma pesa kwa kaka na kuandika "za mama". Tulimsifu wifi sana, tukamwita mtu wa Mungu, na hakuna aliyemuuliza amelala saa ngapi.

Sasa kila tarehe 15, siku ninayolipwa, nagawa mara mbili. Za mama zinakwenda kwa kaka. Nyingine zinakwenda kwenye simu ya wifi mwenyewe, na binti wa shangazi analipwa kumshikia siku mbili za mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza alinipigia akiwa na wasiwasi.

"Wifi, umekosea namba. Hizi nimpelekee nani?"

"Hizo ni zako."

"Za kununulia nini?"

"Wifi, hizo ni mshahara."

Akanyamaza. Nikasikia mama nyuma akiuliza ni nani anayepiga. Kisha wifi akasema ngoja kwanza, maji yanachemka.