Vita visomwe kama kesi ya Bwana Msa

Wapenzi wengi wa riwaya za upelelezi hukimbia vitabu vya vita, eti ni majemadari na tarehe tupu. Kumbe aliyemzoea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, tangu Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla uliotoka 1960, zana anazo tayari: nani alikuwa wapi, saa ngapi?

Chukua vita vyetu vya Unguja na Waingereza vya 27 Agosti 1896. Karatasi moja, safu tatu: nani, wapi, saa ngapi. Safu ya saa ndiyo inayowaangusha watu. Kitabu cha Kiingereza kikisema 9:02, andika papo hapo saa tatu na dakika mbili asubuhi. Ukichanganya saa zao na zetu, mizinga italia kabla onyo halijesha. Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ya ridhaa ya Waingereza, alipewa nao mpaka saa tatu kamili atoke kasri. Manowari za Kiingereza zikaanza kupiga dakika mbili baadaye, zikanyamaza kama saa tatu na dakika arubaini. Hizo ndizo dakika 38 maarufu. Ukikuta 45, usikimbilie kusema mwandishi kakosea. Tazama kaanza kuhesabu wapi na kamalizia wapi.

Majina nayo yana mtego. Hamad bin Thuwaini ni sultani aliyefariki 25 Agosti; Hamoud bin Mohammed ndiye aliyekalishwa kwenye kiti baada ya mizinga. Andika na jina la baba kila mara, la sivyo utamfufua marehemu.

Sasa pahala patamu, na vitabu vingi hupapita kwa sentensi moja. Khalid kakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, Waingereza wanamngoja nje wamkamate akitoka tu. Ilipofika 2 Oktoba hayumo tena, yumo kwenye manowari ya Kijerumani, safari ya Dar es Salaam. Katokaje? Hiki ni kile chumba kilichofungwa cha riwaya za upelelezi hasa, na ufunguo wake ni bahari: maji yalijaa, mashua ikafika mpaka lango la bustani ya ubalozi, akapanda bila ya kukanyaga ardhi ya nje. Maji yangekuwa yamekupwa, angelazimika kuvuka ufuo kwa miguu, na hapo wangemtia mkononi. Kwa hiyo, kwa vita vya Unguja ongeza safu ya nne: maji kujaa na kupwa. Waandishi wa mbali aghalabu huisahau.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyopigwa na ya Kijerumani, Königsberg, bandarini Unguja alfajiri ya 20 Septemba 1914. Hapa saa si kitu sana. Andika masafa ya mizinga. Ya Königsberg ilifika mbali zaidi, na Pegasus ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo, haiwezi kukimbia wala kusogea karibu. Kitabu kikiwa hakina ramani, chora mwenyewe bandari na mkondo wa kuingilia kabla hujafungua sura hiyo, tena kwa penseli, maana utafuta.