Kuhesabu ndege mbuai Batumi bila kujidanganya

Kuanzia katikati ya Agosti hadi nusu ya pili ya Oktoba, ndege mbuai zaidi ya milioni moja hupita Batumi, mji wa Georgia ulio ufukweni mwa Bahari Nyeusi. Wapaaji wakubwa hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya bahari hiyo ni haba. Magharibi kuna maji, mashariki milima ya Kaukazi Ndogo hufunikwa mara kwa mara na mawingu na mvua, basi wote hubanwa katika ujia mwembamba. Mradi wa Batumi Raptor Count umehesabu hapo tangu 2008, ukiwa na vituo viwili: Sakhalvasho, na Shuamta iliyo ndani zaidi milimani. Wengi wa ndege hao huishia Afrika, na sisi huwaona wenzao Bonde la Ufa kuanzia Oktoba.

Mgeni huuliza kwanza darubini gani inafaa. Ya mkononi ya ukuzaji wa mara 8 au 10 yatosha. Swali la maana zaidi ni mstari uko wapi. Chora akilini mstari unaopita kituoni kutoka bahari kuelekea milimani, ukitumia vilele na minara kama alama. Ndege huhesabiwa anapouvuka kwenda kusini, si anapoonekana. Anayezunguka bado kaskazini ya mstari hana idadi, hata kama yuko juu ya kichwa chako. Bila kanuni hii kundi moja linaweza kuhesabiwa na watu wawili waliosimama bega kwa bega.

Kundi likiwa linazunguka ndani ya hewa inayopanda, liache. Ndege hufichana, na wanaopanda huchanganyika na walio juu yao. Subiri wafike kileleni waanze kuteleza kusini kwa msururu kama siafu. Hapo shikilia darubini pahali pamoja, waache wapite mbele ya macho, ukiwafuata utawarudia. Wakiwa wachache bofya kaunta kwa kila mmoja. Msururu ukiwa mnene, hesabu kumi halisi, ona zinachukua nafasi gani, kisha endelea kwa makumi. Kipimo hicho kifanye upya kila umbali unapobadilika, maana kumi walio mbali hujibana padogo. Kuruka kwa mamia ni kubahatisha tu, na makosa ya kukadiria makundi makubwa huelekea zaidi kwenye kupunguza kuliko kuongeza.

Siku inayodanganya zaidi ni ile nzuri: jua kali, anga la bluu tupu. Ndege hupanda juu mno hata jicho tupu lisiwaone, na anga huonekana halina kitu. Pitisha darubini polepole, ukanda kwa ukanda, ukianzia kwenye ukingo wa wingu lolote lililopo, kwa kuwa kiza cha ndege hujitokeza juu ya weupe. Darubini kubwa ya stendi ibaki kwa utambuzi; eneo linaloonekana ndani yake ni finyu na kundi hutoroka pembeni.

Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba wanaotawala ni shakivale wala-nyigu (Pernis apivorus): kichwa chembamba kilichochomoza mbele, mkia mrefu, mabawa bapa au yaliyoinama kidogo anapoteleza. Wakubwa hutangulia, makinda hufuata. Shakivale wa nyika za Asia (Buteo buteo vulpinus) hujaa mwisho wa Septemba na kuingia Oktoba. Akizunguka huinua mabawa kidogo na mapigo yake ni magumu, ya haraka. Mwewe mweusi ni mkia tu: umegawanyika mwishoni kama panda na haukomi kujisokota. Majike na makinda ya jenasi Circus (mbuai warukao chini juu ya nyasi, ambao spishi zao hufanana) yakiwa mbali, andika jenasi basi. Spishi iliyokisiwa huharibu takwimu kuliko nafasi iliyoachwa wazi.

Tena tai adimu ni mtego. Akitokea mmoja, timu nzima humgeukia huku shakivale mia tatu wakivuka upande wa pili. Mmoja amtambue, wengine wabaki kwenye sehemu zao za anga.

Kila saa andika upepo, mawingu, umbali unaoonekana, na ndege walipita upande gani wa kituo na kwa umbali gani. Saa uliyoangalia bila kuona kitu ni sifuri. Saa ambayo ukungu ulifunga si sifuri; iandikwe kwamba haikuhesabiwa, la sivyo atakayechora mchoro wa mwaka ataona pungufu ambalo halikuwapo.

Andika pia majeruhi, kwani bunduki bado zinasikika katika vilima hivyo. Pengo linalolingana katika mabawa yote mawili kwa kawaida ni manyoya yanayobadilishwa. La upande mmoja, lisilo na mpangilio, au mguu unaoning'inia, linaingia safu ya majeraha, na sababu isitajwe kama haikuonekana.