Kumi ni Ngisi: Siku Moja ya Fundi Cherehani Mjini Salem

Saa 12 na nusu asubuhi. Nipo kituoni Lynn, Massachusetts, nasubiri treni ya Salem. Mama yuko kwenye simu kutoka Wete, ambako saa hizi ni saa 7 na nusu mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado unawashonea mashetani nguo?"

Namwambia mashetani wenyewe wana miaka minane na bado wanaogopa kulala gizani. Anacheka, lakini namjua, tukishaagana ataniombea dua.

Wenzangu wa huku nao wana lao: Mpemba kavuka bahari mbili kuja kufanya kazi mji wa wachawi, si bora angebaki kwao? Utani huo umeshachacha. Kwa asiyejua, Salem ndiko walikonyongwa watu 19 mwaka 1692 kwa tuhuma za uchawi, na leo mji unakula kwa jina hilo hilo. Oktoba nzima njia hazipitiki kwa wageni waliovaa kofia nyeusi zenye ncha, wote wakiisubiri Halloween, usiku wa tarehe 31, watoto wanapojigeuza kila sura na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Mimi ni fundi wa duka la mavazi hayo. Zile nguo za kiwandani zilizokunjwa kwenye mifuko ya plastiki zinauzwa mbele. Mimi nipo nyuma na cherehani yangu, kwa ajili ya wanaotaka kitu kisichomo mfukoni.

Saa 1 na nusu nimeshawasha pasi. Kufikia saa 4 nimepunguza suruali mbili za maharamia, nimebadilisha zipu ya popo na kurudishia mkia wa paka uliong'oka. Hapo hapana hadithi.

Hadithi ni pweza.

Wiki mbili nyuma alikuja baba mmoja kumwagizia binti yake vazi la pweza. Akajaza fomu kwa mkono wake: mikono minane, rangi ya zambarau, liingie juu ya koti, maana mwisho wa Oktoba huku baridi haina masihara. Kwanza nikashona la majaribio kwa kitambaa cheupe cha bei rahisi ambacho wenyewe wanakiita muslin. Kwetu ni merikani. Jina hilo tumelipata kwao: karne ya 19 meli za Salem hii hii zilikuwa zikishusha majora yake Unguja, na hata konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa hapa. Siku niliyomweleza mwenye duka alidhani namtania.

Kisha nikaingia kwenye mahameli. Kila mkono una bitana, umejazwa pamba ya poliesta, mnene begani na mwembamba nchani. Chini yake nimeshonea vikombe vya felti safu mbili, kama alivyo pweza mwenyewe. Nimewapiga pweza wengi juu ya jiwe utotoni, sihitaji picha. Vikombe 22 kila mkono, mara minane, ni 176, vyote kwa sindano ya mkono, ukingo umezungushiwa uzi kama kiua cha kofia. Halafu ufundi niliojivunia zaidi: nimepitisha mshipi wa kuvulia kutoka mkono mmoja wa pweza hadi mwingine, mpaka kwenye kifundo cha mtoto. Akiinua mkono wake, yote inainuka pamoja naye.

Miadi ya kujaribisha ilikuwa saa 4. Walifika saa 6 kasoro dakika kumi, bila hata samahani.

Mtoto akavaa, akajitazama kwenye kioo. Akaanza kuhesabu kwa kidole, na mwisho akaongeza mikono yake mwenyewe.

"Baba, ni kumi."

"Kumi nini?"

"Mikono. Pweza ana minane. Mwenye kumi ni ngisi."

Baba akanigeukia kama vile ile miwili nimeizaa mimi. Nikamwonyesha fomu, minane, na sahihi yake chini. "Wewe ndiye fundi," akasema, "ungeniambia." Neno hilo lilinichoma, kwa sababu siku ile nilipokuwa nakata kitambaa nilijiuliza swali hilo hilo, nikanyamaza. Mteja kaandika minane, nikakata minane. Mtoto wa miaka minane ndiye aliyekuwa na akili kutushinda wote wawili.

Ningekiri kosa langu lau angeishia hapo. Lakini akaenda mbele, akarudi na mfuko wa plastiki. "Huyu hapa pweza wa dola 35. Wako wa dola 260 ana nini cha ziada?" Nikageuza mkono mmoja ndani nje nikauweka mezani. Sikusema kitu. Hakuutazama. Alisema sherehe ya skuli ni kesho asubuhi, na mwenye duka, kwa niaba ya vidole vyangu, akamwahidi kwamba jioni litakuwa tayari.

Mtu atasema, si ukate miwili tu? Haikatiki. Mikono yote imeshikwa kwenye mshono mmoja na bitana. Ukitoa miwili unabaki na matundu mawili na pweza aliyepinda upande. Ilibidi nifumue mzunguko mzima, nigawe upya nafasi za sita, nifunge mshipi upya. Na mahameli haisahau: tundu la sindano linabaki, na ukikosea mwelekeo wa manyoya yake rangi inakuwa mbili. Kila alama ya zamani ilibidi niitafutie kikombe cha felti cha kuifunika.

Adhuhuri niliswali stoo, baada ya kuvigeuzia vinyago ukutani visinikodolee macho. Chakula sikumbuki kama nilikula. Sindano mbili zilivunjika. Katikati kulikuwa na mchawi aliyetaka kofia yake inyooshwe sasa hivi, na mwingine aliyeuliza kama mimi ni fundi kweli au nimevaa vazi la fundi. Saa sikuitazama tena. Niliijua kwa shingo.

Ami yangu, aliyenifundisha kazi barazani kwake kwa Singer ya kukanyaga, alikuwa haitazami kanzu kabla hajaigeuza ndani nje. Nilipomaliza nikaligeuza vazi, nikapitia kila mshono chini ya taa. Mtoto yule atalivaa labda mara mbili. Nyuzi mbili zilizojitokeza nikazikata hata hivyo.

Giza lilikuwa limeshaingia waliporudi. Mtoto akavaa juu ya koti, akahesabu tena, safari hii kimya, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainua mikono ghafla, yote sita ikapaa, na mmoja ukampiga baba yake usoni, pwaa! Nikajifanya naokota pini sakafuni.

Akalipa. Mlangoni akauliza kama atapunguziwa bei ya ile miwili. Mwenye duka akamwambia hapana, na kwa jibu hilo nimemsamehe ahadi yake ya mchana.

Miwili hiyo nikaitia mkobani. Kwenye treni palikuwa pamejaa mifupa na maharamia, nikapata kiti cha dirishani, nikautoa mkono mmoja nikauweka shingoni kama mto. Laini kweli, pamba niliijaza vizuri. Swampscott nakumbuka tuliipita. Lynn sikuiona. Nilizindukia Chelsea, na kikombe cha felti kimenichora duara shavuni.